Shukrani Kwanza

Uzio ulimpiga Papa Tharcisse kwenye paji la uso, juu kidogo ya jicho la kushoto, akaketi palepale kwenye theluji chafu ya Machi kama mtu aliyeamua kupumzika. Siku iliyotangulia uzio haukuwapo. Kila asubuhi alipita hapo peke yake, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa matofali, kutoka mlangoni kwake hadi kwa kinyozi Rafiq, ambako alipewa kiti, chai na habari za kwao Bukavu kutoka kwenye simu za watu. Macho yake kisukari kilikuwa kimeyamaliza yote mawili. Lakini ukuta ule aliujua, na kwa mwendo ule mfupi hakuhitaji kushikwa mkono na mtu.

Amandine alimkuta bado amekaa, damu imemfika shavuni, vidole vinatambaa kwenye nyaya za uzio kana kwamba anatafuta kitasa.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Papa. Amandine."

"Ah, ma fille, binti yangu. Mungu ni mwema. Nani ameweka hii kitu hapa?"

"Watu wa treni, Papa."

Alisema "watu wa treni" huku amevaa kizibao chao cha rangi ya chungwa, jina la mradi limeandikwa mgongoni kwa herufi ambazo hata dereva aliye ng'ambo ya barabara angezisoma. Matangazo ya uzio aliyabandika yeye mwenyewe kwenye milango yote ya safu ile ya nyumba, kwa lugha nne, na la Kiswahili alilitafsiri kwa raha, akijisifu kimoyomoyo. Kwamba nyuma ya mlango mmojawapo kuna mtu asiyeweza kusoma tangazo lolote duniani, hilo halikumjia. Na nyumba hiyo hakuwa mgeni nayo. Alipofika Toronto kutoka kambi ya wakimbizi na mfuko mmoja wa plastiki, Mama Goretti alimtandikia sofa, akamfundisha kupanda basi, akamsuka nywele asubuhi ya usaili wake wa kwanza. Majira mazima ya baridi alilala pale, akala pale, akalia pale. Roho ilimsuta hata kabla hajamshika mzee mkono.

Alimwinua, akampangusa damu kwa mtandio wake, wakarudi polepole hadi mlangoni.

"Bamemufanya nini mzee wangu?" Mama Goretti alifungua akiwa na unga mikononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, asiyejua kunong'ona. "Ingia, mwanangu, baridi. Tharcisse, kaa. Hapana huko, hapa. Nilikuambia ungoje, weye hausikiaka."

Aliosha jeraha kwa maji ya chumvi bila kuuliza zaidi. Kizibao cha chungwa alikiona. Akakipita kwa macho kama mtu mwenye adabu anavyopita chupi iliyoanikwa uani kwa jirani. Amandine akakivua, akakikunja, akakikalia.

Habari yenyewe kila mtu mtaani aliijua. Treni ya chini ya ardhi, iliyoahidiwa kona hiyo ya Scarborough na kila aliyewahi kutafuta kura, sasa ilikuwa inakuja kweli. Mashine ilikuwa imeanza kuchimba huko mbali. Usiku vyombo vilitetemeka kabatini, na watoto walilaza masikio sakafuni ili wamsikie huyo mnyama. Lango moja la kituo lingetokeza hasa pale ilipo safu ya nyumba za kupanga ya akina Mama Goretti. Mwenye nyumba, ambaye wapangaji hawakuwahi kumwona sura, alikuwa amekwisha kukubali na kulipwa chake. Wapangaji wangepewa lori la kuhamia na kutakiwa heri.

"Banasema tuhame," Mama Goretti alisema. "Sawa. Tuhame wapi? Kodi ya hapa ni ya zamani. Mutoto wetu Landry ametafuta kwa simu mpaka amechoka, huku karibu hakuna fasi. Na huyu mzee, nikimuondoa kwa ule ukuta, ni kumuzika mzima. Juu ya nini lango lisikae kule kwa parking ya maduka? Gari zinalala tupu kule."

Swali hilo la maegesho ya maduka Amandine alishalisikia ofisini. Wahandisi walisema inawezekana. Ingechelewesha kidogo, ingegharimu kidogo, na wenye maduka walikuwa na wakili. Wapangaji hawakuwa na wakili. Walikuwa na Mama Goretti.

"Kuna mkutano Alhamisi, Mama. Kila mtu anaruhusiwa kusema. Ukisema wewe mwenyewe, mbele yao, kuhusu Papa na ukuta, watalazimika kujibu. Mradi bado haujapigwa muhuri."

"Kingereza yangu unaijua."

"Nitakutafsiria mimi. Ndiyo kazi yangu."

Mama Goretti alimtazama kwa furaha tupu, isiyo na shaka ndani yake. "Unaona, Tharcisse? Mungu alituletea huyu mtoto mapema, kumbe alikuwa anajua."

Kazi hiyo Amandine aliipata baada ya kusota. Kabla yake alifungasha saladi kiwandani huko Etobicoke, mji mzima katikati yake na kitanda chake, basi juu ya basi, akifika nyumbani na vidole vilivyokufa ganzi. Wakati huo aliapa kwamba siku treni ya chini itakapofika upande huu atapiga magoti stesheni abusu sakafu. Kwa hiyo mradi ulipotangaza unatafuta mtu wa kuzungumza na wakazi, mwenye Kiswahili na Kifaransa, hakuiona kama kazi tu. Aliiona kama haki imetendeka. Mkataba wake ulikuwa wa muda mfupi, na ulikuwa unakaribia kwisha.

*

Ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Watu wa mradi walikuwa wametundika picha kubwa za zamani: wanaume wenye kofia na wanawake wenye glavu nyeupe wamejipanga kupanda treni ya kwanza ya chini ya mji huu, wakichekelea kama wanakwenda harusini. Juu ya meza kulikuwa na kahawa na biskuti. Ukutani skrini ilionyesha muda wa msemaji, kijani kwanza, nyekundu mwishoni. Kila mtu alipewa dakika mbili. Aliyehitaji mkalimani alipewa dakika mbili hizohizo, agawane naye.

Watu walisema. Mzee mmoja alisema nyumba yake itapanda bei na akapigiwa makofi. Mwingine alisema yake itapata nyufa, akazomewa. Bibi mmoja wa Kichina aliuliza kama ardhi haitachoka kubebeshwa mtaa juu na treni chini, na vijana wakacheka, ingawa hakuna mhandisi aliyemjibu. Mwenye duka la nguo alilia kabisa, kwa sauti, kwamba vumbi linamfilisi. Kisha akasimama Spéciose, anayesali kanisa moja na Mama Goretti na kuosha wazee wa watu huko kusini mwa mji.

"Mimi nasimama kituoni wakati watu wote hapa mmelala," alisema kwa Kiingereza chake cha kukata kuni. "Baridi imenila miguu. Mnataka kubomoa nyumba, bomoeni. Mnataka kubomoa yangu, nitawafungulia mlango. Leteni treni."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Amandine naye alipiga makofi, kwa moyo wote, kabla ya kukumbuka ni nani amekaa kando yake. Spéciose akirudi kwenye kiti chake aliinama kwa Mama Goretti na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, ninakuheshimu. Usitusimamishie treni."

Mama Goretti akainuka. Jina lake lilikuwa limeitwa.

Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba cha Jumapili. Alifika kwenye kipaza sauti, akashika mikono yake pamoja mbele ya tumbo, akaanza. Kiswahili cha nyumbani alikiacha kitini. Pale alitoa kile cha kanisani, kilichopigwa pasi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wakubwa wa serikali, wakubwa wa mradi, wazazi na vijana, ninawasalimu wote kwa jina la Yesu."

Amandine akatafsiri. Skrini ikahesabu.

"Kwanza ninamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili, ninaishukuru nchi ya Canada iliyotupokea tukiwa hatuna hata viatu. Ilitupa dawa, ilimpa mtoto wangu Landry shule. Ninawashukuru ninyi wakubwa kwa kutukumbuka sisi watu wa pembeni na kutuletea treni. Ni kitu kikubwa. Ninawashukuru na kwa kahawa."

Watu wakacheka kwa upendo. Mwenyekiti, mama wa kizungu mwenye miwani ya kamba, aliweka mkono kifuani.

Kwa watu wa Mama Goretti lalamiko haliingii nyumbani kwa mtu bila hodi. Unashukuru kwanza. Unashukuru mpaka mkubwa alegee, aone kwamba hukuja kumvunjia heshima, halafu unasema, "Sasa kuko kaneno kadogo." Hako kaneno kadogo ndiko kalikokutoa nyumbani. Mwenye haraka ya kulalamika huonekana hana malezi, na asiye na malezi nani atamsikiliza? Amandine alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Jana yake alifikiri amwambie Mama, "Kule wanataka neno lenyewe, shukrani uziache." Aliona haya. Utamfundishaje adabu mtu aliyekufundisha kupanda basi?

Kwa hiyo alitafsiri kila asante, na alipotafsiri asante ya kahawa skrini ilikuwa nyekundu, na kengele ikalia.

Mama Goretti alinyamaza. Alidhani kengele ni ya kumpa mkalimani nafasi. Alimgeukia Amandine, uso umetulia, akingoja amalize ili aseme.

"Asante sana, maneno mazuri mno," mwenyekiti alisema kwa Kiingereza. Kisha akamtazama Amandine. "Amemaliza?"

Lilikuwa swali halali, limeulizwa kwa upole. Angesema hapana. Angesema, bado neno moja, ni kuhusu mumewe, na mwenyekiti huyo mwenye mkono kifuani pengine angeongeza nusu dakika. Lakini nyuma ya mwenyekiti alikuwa amekaa Kamil, mkuu wake, mtu nadhifu mwenye kalamu, akitazama saa. Na nyuma ya Amandine ulikuwa ukumbi mzima uliotaka treni. Na ndani ya Amandine mwenyewe, hapo pabaya, kulikuwa na kile kitanda cha mbali na vidole vilivyokufa ganzi.

"Ndiyo," akasema. "Amemaliza."

Makofi yakapigwa. Mama Goretti akatabasamu kwa kutoelewa.

"Banasema nini?"

"Wanakushukuru, Mama. Twende tukakae."

"Lakini sijasema."

"Watakuita tena baadaye."

"Hakika?"

"Hakika, Mama."

Mama Goretti akakaa, mkoba juu ya magoti, mgongo wima, tayari. Walisema watu wengine wengi. Kila mwenyekiti alipotaja jina jipya Mama aliinua kichwa. Alikaa hivyo mpaka viti vya kando vilipoanza kukunjwa, ndipo akauliza, bila hasira yoyote, kama baadaye ndiyo kesho.

*

"Watu wako walikuwa wazuri sana," Kamil alisema asubuhi, kwenye kontena la ofisi lililonukia viatu vyenye matope. Alizaliwa Moshi, akaletwa mtoto. Kiswahili chake kilikuwa safi na alipenda kukitumia anapokuwa na furaha. "Yule mama! Niliguswa, wallahi. Tumemweka miongoni mwa wanaounga mkono."

Amandine alikuwa amesimama. Hakuwa amelala.

"Bwana Kamil, yule mama hakuwa amemaliza."

"Hakuwa amemaliza nini?"

"Kusema. Alikuwa bado kwenye shukrani. Nyumba yake ndiyo inayovunjwa. Mumewe haoni. Alitaka kuuliza kuhusu lango kuhamishiwa kwenye maegesho."

Kamil akaweka kikombe chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Dada Amandine, mimi ni mtoto wa Moshi. Unadhani sijui shukrani zinakwenda wapi? Marehemu babu yangu Jafferali, watu wakija dukani kukopa walianza na afya ya ng'ombe. Nilijua. Nikangoja. Mwenyekiti akakuuliza, na wewe ukasema amemaliza."

"Nilikosea."

"Sawa, binadamu tunakosea. Niwaandikie wakubwa kwamba mkalimani wetu alikosea? Nitaandika, ukitaka. Wataniuliza, alikosea kwa huyu tu au na kwa wengine? Mikutano yote uliyotafsiri itabidi irudiwe. Na mkataba wako mpya uko mezani kwao wiki hii hii." Alisogeza boksi la tishu karibu naye, ingawa hakuwa analia. "Mimi sikulazimishi. Sema wewe. Nifanyeje?"

Nje mashine ilikuwa inapiga, na sakafu ya kontena ikatetemeka chini ya viatu vyao. Amandine akatazama sakafu. Alitaka amchukie Kamil, na hakuweza. Mtu huyo alikuwa amefungua mlango na kumwonyesha kwamba haukuwa na komeo. Kilichobaki kilikuwa yeye tu na miguu yake.

"Acha tu," akasema.

"Mpelekee mama biskuti," Kamil akasema. "Zilibaki nyingi."

Hakuzipeleka. Kwa Mama Goretti alisema wakubwa wamezingatia. Neno hilo, zingatia, alikuwa amelitumia sana kwenye matangazo. Ni neno pana, linaingia popote, na halimgusi mtu. Mama akamwombea baraka. Barua za kuhama zilipokuja Amandine ndiye aliyezisoma, mezani kwa Mama, sauti kavu, na Mama akamshika bega na kumwambia asilie, yeye amefanya yote aliyoweza.

*

Walihamia Brampton, mji mwingine wa mbali, kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mtu. Landry, aliyekuwa akiendesha malori huko Alberta, ndiye aliyepata fasi hiyo kupitia rafiki. Amandine alisubiri mpaka Julai ndipo akaenda, amevaa gauni, bila kizibao, na mikono yote miwili imejaa matunda kama anakwenda kumwona mgonjwa.

Ngazi za kuteremkia zilikuwa nyembamba. Ndani palikuwa safi, pana giza, na dirisha moja juu karibu na dari ambapo ungeweza kuona majani na miguu ya paka. Papa Tharcisse alikuwa kwenye kochi, ameelekea televisheni iliyozimwa. Alikuwa amenenepa uso. Nywele zake zilikuwa ndefu, za mtu aliyesahauliwa, na Amandine akaelewa kwamba hapajapatikana kinyozi.

"Anaendaga wapi siku hizi?" aliuliza kwa sauti ya chini wakiwa jikoni.

"Kwa choo," Mama Goretti alisema. "Na kurudi."

Alikaanga maandazi, akamimina chai, akakaa mbele ya mgeni wake na kushika mikono yake pamoja mbele ya tumbo. Amandine akaujua mkao ule.

"Mwanangu, tunakushukuru kwa kukuja. Njia ni ndefu, na weye ni mutu wa kazi. Tunakushukuru kwa matunda. Tunakushukuru kwa lori ya kuhamia, ilikuya saa ile ile uliyosema. Na zaidi tunakushukuru kwa siku ile ya mkutano. Ulisimama na mimi mbele ya wakubwa. Watoto ya wengine bangeona haya."

Amandine akaweka kikombe chini. Sasa kanakuja, alijiambia, na akatamani kaje. Alitamani Mama aseme kuko kaneno kadogo, amuulize alichomwambia yule mzungu, amtukane, amfukuze juu ya ngazi na matunda yake. Angekubali lolote. Alingoja. Mama Goretti alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale ya sofa na ya kusuka nywele.

"Hatuna neno," Mama akasema, na akamwongezea chai.

"Mama, siku ile..."

"Kula, mwanangu. Yanapoa."

Akala. Alipoaga, Papa Tharcisse aliinuka kabla mkewe hajamzuia, akavaa viatu bila soksi.

"Mugeni hatoki peke yake," alisema. "Nitamsindikiza mpaka kwa basi."

"Tharcisse, hakuna njia kule."

"Niko mwanaume au niko kabati? Niache."

Walipanda ngazi, mzee mbele. Nje jua lilikuwa kali. Akaushika ukuta wa nyumba, ukuta wa plastiki laini, wa kuteleza, usio na alama, akaufuata kwa madaha ya zamani hadi ulipokwisha. Baada ya hapo palikuwa na sehemu ya kuegesha magari, na baada ya hapo barabara isiyo na njia ya miguu, malori yakipita moja nyuma ya jingine kuelekea kwenye maghala. Mkono wake ulitafuta hewani kitu cha kushika. Haukupata. Akaurudisha mfukoni haraka, kama aliyekuwa anatafuta ufunguo.

"Basi iko upande gani?"

"Kushoto, Papa. Lakini baki hapo, jua ni kali."

"Basi nenda. Nitasimama hapa mpaka ufike." Alisubiri kidogo, kichwa kimeinama kusikiliza, lakini malori yalimeza kila kitu. Akainua mkono, akaanza kupunga kuelekea kulia, kwenye mlango wa gereji uliofungwa. "Umefika barabarani?" alipaza sauti.

Amandine alikuwa bado amesimama kando yake, karibu kiasi cha kumgusa.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Nimefika."

"Haya, asante mwanangu," Papa Tharcisse akauambia mlango wa gereji, akaendelea kupunga.